Hofu ya jambo lililokwisha kutendwa: kwa nini Silent Hill 2 haichakai

Swali: "Mwalimu, nina umri wa miaka 22, na wiki tatu zilizopita nilimaliza kwa mara ya kwanza mchezo wa video wa kutisha uitwao Silent Hill 2, lile toleo la awali la PlayStation 2 lililotoka kabla sijazaliwa. Mhusika anatembea kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, mapigano ni ya shida, kamera inaudhi na waigizaji wanazungumza kama wanaota. Hata hivyo bado nauwaza kila siku. Je, ni mchezo bora kweli, au ni wakubwa wetu tu wanaolilia ujana wao? Na kwa nini nilipewa ule mwisho wa kusikitisha wa ziwani, ilhali hakuna mahali nilipoulizwa nachagua mwisho upi?"

Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ukishalielewa hilo, la kwanza litakuwa limejibiwa nusu. Niwaonye wengine mapema kwamba haiwezekani kueleza nguvu ya mchezo huu bila kuitoa siri yake nje. Ambaye hajaumaliza na anakusudia kuucheza aishie hapa, aje kuisoma barua hii baadaye.

Kwa asiyeukumbuka, kisa ni hiki. James Sunderland, mtu wa kawaida kabisa, amepokea barua ya mkewe Mary inayomwambia kwamba anamngoja Silent Hill, mji mdogo wa mapumziko kando ya ziwa Toluca ambako waliwahi kukaa kwa furaha. Mary, kwa anavyoamini James, alifariki kwa maradhi miaka 3 nyuma. James anakwenda hata hivyo. Anaukuta mji umezama katika ukungu, mitaa yake imekatika, na viumbe visivyoelezeka vinazurura ndani yake pamoja na watu wachache waliopotea kama yeye: Angela, Eddie, mtoto wa kike aitwaye Laura, na Maria, mwanamke anayefanana na Mary kwa sura na sauti lakini si kwa mavazi wala mwenendo. Mwishoni, katika chumba namba 312 cha hoteli ya Lakeview, James anatia mkanda wa video kwenye mashine na kujiona mwenyewe akimziba pumzi mkewe mgonjwa kwa mto. Mary hakuuawa na maradhi.

Sasa turudi kwenye mwisho wako. Mchezo huu una miisho mikuu mitatu ambayo mchezaji wa mara ya kwanza anaweza kuipata, na ni kweli kwamba hakuna skrini inayokuuliza unataka upi. Badala yake mchezo unakutazama kimyakimya tangu saa ya kwanza. Unahesabu ni mara ngapi ulifungua orodha ya vitu vyako ukaitazama picha ya Mary au kuisoma tena barua yake. Unapima ulivyokaa na Maria: ulimngoja alipobaki nyuma, ulimkinga, ulirudi kumjulia hali alipojilaza hospitalini, au ulimwacha apigwe huku ukikimbia. Unaangalia kama ulikitazama kile kisu ulichokichukua kwa Angela, kisu ambacho huwezi kukitumia kama silaha na ambacho kimewekwa mfukoni mwako kwa sababu moja tu, kwamba mwenye nacho alikuwa akifikiria kujiua. Kisha unaangalia jambo ambalo hakuna mchezaji anayelidhania kuwa na maana yoyote nje ya mapigano, yaani kama ulijitibu ulipojeruhiwa, au uliendelea kutembea hivyo hivyo ukivuja damu.

Mimi pia nilipewa mwisho wa ziwani mara ya kwanza, na kwa muda mrefu sikujua kosa langu. Kosa lilikuwa ubahili. Nilikuwa mchezaji wa kuweka akiba: chupa za dawa nilizikusanya kana kwamba vita vikubwa viko mbele, nikamtembeza James akiwa hoi kwa nusu ya mchezo, na nilipofika mwisho nilikuwa na dawa za kutosha hospitali nzima. Kwangu huo ulikuwa uangalifu wa mchezaji mzoefu. Mchezo uliusoma kama hali ya mtu asiyejali tena kama ataishi, ukaniletea mwisho unaomfaa mtu huyo, ambamo James anajitosa ziwani afe; hatuonyeshwi chochote waziwazi, tunasikia tu. Nadhani wewe nawe ukikumbuka vizuri utakuta kwamba ulikitazama kisu, au uliisoma ile shajara iliyoachwa juu ya paa la hospitali, au ulikuwa bahili kama mimi.

Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya kudumu ya mchezo huu. Michezo mingi ya kutisha hutengeneza hofu ya kitu kinachokuja, na hofu ya namna hiyo huisha mara kitu kikishafika na kujulikana. Silent Hill 2 imejengwa juu ya hofu ya jambo lililokwisha kutendwa. James halikimbii zimwi. Anakikimbia anachokijua, na mji mzima umepangwa umrudishe kwacho. Kwa sababu hiyo mchezo hauchakai ukishaijua siri. Mara ya kwanza unacheza ukiwa pamoja na James katika kutojua. Mara ya pili unajua naye hajui, au anajifanya hajui, na kila neno lake linakuwa na uzito mwingine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na safari hii kata ni wewe.

Tazama jinsi mambo madogo yanavyoitumikia hofu hiyo. Kuanzia jumba la makumbusho la mji, James anakutana na mashimo. Si mashimo anayotumbukia kwa bahati mbaya. Kila mara anasimama ukingoni, giza tupu chini yake, na mchezo unakuuliza kama unataka kuruka. Unabonyeza ndiyo. Unateremka, unatembea kidogo, unakuta shimo jingine, unaulizwa tena. Unapita gerezani, unapita katika vijia visivyo na ramani ya kueleweka, na kila safari ni chini, chini zaidi, mpaka unatoka mlangoni na kujikuta ufukweni mwa ziwa, penye hewa na mashua, ilhali hukupanda ngazi hata moja inayoweza kukurudisha juu. Msanifu mzembe angeliona hilo kuwa kosa la ramani. Hapa ni jiografia ya mtu anayejichimba, na ajabu yake ni kwamba idhini ya kila hatua imetoka kwenye kidole chako.

Au ile lifti ya wafanyakazi hotelini, ambayo haibebi zaidi ya mtu mmoja, tena mtu mtupu. Unaingia, inalia, haiendi. Lazima utoke uweke rafuni kila ulichokibeba: bunduki, risasi, dawa, tochi, redio, hata barua na picha. Kwa saa nyingi umejifunza kuishi kwa kutegemea vitu hivyo, hasa redio ile ambayo hukwaruza kiumbe kinapokaribia. Sasa unashuka bila silaha, bila mwanga wako, na bila sauti ya kukuonya. Ni katika safari hiyo ya mikono mitupu ndipo James anapoupata mkanda utakaomwonyesha alichokitenda. Hakuna anayesema neno kuhusu kuvuliwa kinga zote kabla ya kukutana na ukweli. Unavuliwa tu, kitu kimoja baada ya kingine, na unakasirika kwa sababu unadhani ni fumbo la kukuchelewesha.

Viumbe navyo vimetoka mahali hapo hapo. Masahiro Ito, aliyevibuni, hakuchukua mazimwi ya hadithi za kawaida akayavalisha damu. Kiumbe cha kwanza unachokutana nacho kinajinyonganyonga kana kwamba mikono yake imeshonewa ndani ya ngozi yake mwenyewe, na ukishaijua habari ya kitanda cha Mary huwezi tena kukiona kama adui wa kupigwa ubao. Wauguzi wa hospitalini wana nyuso zilizovimba na mavazi ya kutamanisha kwa pamoja, mchanganyiko unaomtia mtu haya, kama ilivyokuwa kwa mwanamume aliyekaa miaka akimtazama mke mgonjwa huku mwili wake ukidai mengine. Kisha kuna Pyramid Head, lile jitu la kofia ya chuma yenye pembe na panga lisilobebeka. Mara ya kwanza unaliona katika korido ya jengo la Woodside, nyuma ya nondo, limesimama tu. Halifanyi lolote. Unatafuta la kulifanyia, hulipati, unaondoka ukiliacha limesimama. Sijui onyesho la kiumbe katika mchezo wowote lililonitisha kwa gharama ndogo namna hiyo.

Baadaye, katika jumba la makumbusho, unakuta picha ya kuchorwa inayolihusisha umbo hilo na wanyongaji wa zamani wa mji, na mwishoni James anakiri kwamba alikuwa dhaifu, ndiyo maana alihitaji mtu wa kumwadhibu. Baada ya kukiri, majitu mawili ya namna hiyo yanakuja, unapambana nayo kwa muda, kisha yanajichoma yenyewe kwa mikuki yao na kufa. Hukuyashinda, kazi yao imekwisha. Ndiyo sababu mimi, nikiwa mpenzi wa miaka mingi, sikufurahi kulikuta jitu hilo likihamishiwa katika hadithi nyingine na michezo ya watu wengine, hadi Dead by Daylight mwaka 2020. Ukiliondoa kwa James linabaki kuwa mtu mkubwa mwenye panga, na watu wakubwa wenye mapanga tunao wengi.

Kitu kingine kinachouzuia mchezo usiwe hadithi ya mtu mmoja ni kwamba mji haumwonyeshi kila mtu jambo lile lile. Laura, ambaye ni mtoto asiye na hatia, anatembea peke yake katika mitaa ile na hashtuki, kwa kuwa kwake hakuna viumbe. Angela, aliyeharibiwa na baba yake, anaonekana kwa mara ya mwisho kwenye ngazi zinazowaka moto. James analalamika kwamba pana joto kali kama jehanamu. Angela anamwuliza kama naye anauona, kisha anamwambia kwamba kwake huwa hivyo siku zote, na anapanda kuingia motoni. Onyesho zima ni la dakika chache. Hakuna pambano, hakuna kitufe cha kumwokoa, na James hana la kumwambia. Mwaka 2001 wasanifu wachache sana walikuwa na ujasiri wa kumweka mchezaji mbele ya mateso ya mtu kisha wakamnyima njia ya kuyashughulikia.

Mchezo huu uliundwa na kikundi kilichojulikana kama Team Silent, ndani ya kampuni ya Konami mjini Tokyo: Masashi Tsuboyama akiuongoza, Hiroyuki Owaku akiandika kisa, Takayoshi Sato akishughulikia sura na miondoko ya wahusika, na Akira Yamaoka akitunga muziki na sauti zote. Nawataja kwa sababu yale unayoyaita makosa ni maamuzi yao kwa kiasi kikubwa, ingawa si yote.

Chukua ukungu. Katika mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, uliotoka mwaka 1999, ukungu ulikuwa pia dawa ya udhaifu wa PlayStation ya kwanza, ambayo haikuweza kuchora mitaa ya mbali kwa wakati. PlayStation 2 ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi, na bado ukungu haukuondolewa. Ulifanywa mzito zaidi, unaosogea kama kitu chenye uhai. Walikuwa wamegundua kwamba jicho lisiloona humfanyia mtu kazi ya kutisha bila kulipwa. Ndivyo ilivyo pia kwa ile njia ya msituni mwanzoni kabisa, kabla hujaingia mjini. Ni ndefu kupita kiasi, haina adui wala zawadi, unasikia nyayo zako tu na vitu vinavyoweza kuwa nyayo za mwingine. Iliachwa ndefu hivyo kwa makusudi, ili ufike mjini ukiwa huna hamu ya kurudi ulikotoka.

Kuhusu uigizaji, nakubaliana nawe kwamba wanazungumza kama wanaota. Guy Cihi, aliyempa James sauti, hakuwa mwigizaji wa kazi hiyo. Sauti yake ni ya mtu anayejibu kwa kuchelewa, kana kwamba kila sentensi inapita kwanza mahali pengine. Kwa mchezo mwingine ingekuwa dosari. Kwa mtu anayejificha asiyaone aliyoyatenda, sijui sauti gani ingefaa zaidi. Monica Taylor Horgan, aliyewaigiza Mary na Maria wote wawili, ana kazi ngumu kuliko ya wengine, na barua kamili ya Mary anayoisoma mwishoni ingeweza peke yake kuwanyamazisha wanaosema waigizaji wale hawakujua kazi.

Mapigano ni mabaya. Hapo sina utetezi mrefu. Ni kweli kwamba James si askari na ubao wenye misumari haupaswi kuwa mwepesi mkononi mwake, lakini ugumu wa kulenga, na baadhi ya mapambano makubwa ambayo ni kufyatua risasi tu ukizunguka chumba, hayana falsafa yoyote nyuma yake. Milango iliyofungwa nayo ni mingi mno. Angalau hiyo inanipa nafasi ya kulisifia jambo ninalolipenda: kila James anapokuta mlango haufunguki, anautia alama kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa mtu mwenye haraka, hadi ramani inaonekana kama shajara ya mtu aliyekataliwa kila anakobisha.

Lipo pia jambo la ucheshi, ambalo wengi hulisahau wanapouzungumzia mchezo huu kama msiba. Ukiucheza tena na kutimiza masharti fulani, utafungua mlango na kukuta kwamba mji wote uliendeshwa na mbwa mmoja aliyeketi mbele ya mitambo. Watu waliotunga ngazi za moto ndio hao hao waliomweka mbwa yule pale, na naamini ni kwa sababu walijiamini.

Nije kwenye suala la ujana na kumbukumbu. Kama ungekuwa mapenzi ya watu wa umri wangu peke yetu, mchezo ungetukalia kimya na kufa nasi. Yaliyotokea ni mengine. Mwaka 2012 ulitolewa upya katika mkusanyo wa picha za ubora wa juu, na wanunuzi waliulaumu vikali. Msimbo wa programu uliotumika haukuwa ule wa mwisho uliokamilika, na ukungu uliharibika hata ukaonyesha kingo za ramani ambazo hazikupaswa kuonekana. Kama watu walikuwa wakipenda jina na kumbukumbu tu, wangeununua na kutosheka. Wapenzi wengine wakaamua kuitengeneza wenyewe ile nakala ya zamani ya kompyuta, kwa kujitolea, hadi ikachezeka vizuri kwenye mashine za sasa. Kisha tarehe 8 Oktoba 2024 likatoka toleo lililotengenezwa upya tangu msingi na Bloober Team ya Poland, lenye kamera nyuma ya bega la James na mapigano ya kueleweka, na likawaleta wachezaji wengi ambao, kama wewe, hawakuwa wamezaliwa wakati wa lile la kwanza. Hao hawana ujana wa kuulilia.

Toleo hilo jipya ni kazi njema kuliko nilivyotarajia, na ukipenda ulicheze. Kwa maoni yangu hata hivyo limeongeza mapigano mengi kuliko hadithi inavyoweza kubeba, na kamera kuwa karibu na James muda wote kunampunguzia mchezaji kitu fulani. Katika lile la zamani, kamera mara nyingi inamtazama James kutoka juu au kutoka pembe ya chumba, kana kwamba kuna mwingine aliyekwisha kuwamo kabla yake. Hiyo kamera inayokuudhi ndiyo ninayoikosa zaidi katika jipya.

Ushauri wangu ni kwamba uurudie ule ule ulioumaliza, kabla hujasahau. Weka ugumu wa mapigano chini na wa mafumbo juu, kwa kuwa mchezo unaruhusu kuvipanga kila kimoja peke yake. Tumia dawa mara unapoumia. Usikiguse kisu. Barua ya Mary ifungue mara kwa mara, hata ukiwa na haraka, si kwa ajili ya mwisho tu: utaona baada ya mkanda wa video kwamba karatasi ile haina tena maandishi. Na usiruke onyesho la mwanzo, lile la chooni kwenye maegesho juu ya ziwa, ambapo James amesimama mbele ya kioo na kujipitisha mkono usoni taratibu. Mara ya kwanza bila shaka ulidhani amechoka na safari.